Maneno ya Nguo na Maana Yake

Kuuliza si ujinga, walisema wazee. Lakini mbele ya fundi wa nguo watu wengi huona haya kuuliza. Fundi akitaja bafta, marinda, upindo au taraza, mteja huitikia kwa kichwa kana kwamba amefahamu, kisha hutoa fedha na kwenda zake. Siku ya kuichukua nguo ndipo ugomvi huzuka. Mteja asema, "Sivyo nilivyotaka." Fundi ajibu, "Ndivyo ulivyoagiza." Na mara nyingi hakuna mwongo kati yao. Kila mmoja alilitumia neno lile lile kwa maana yake mwenyewe.

Ugomvi wa namna hiyo hutokea kila mahali, lakini katika Mashimoni, kijiji kimojawapo cha Kibera mjini Nairobi, una uzito wa pekee. Wengi wa wakazi wa huko huishi kwa ujira wa siku kwa siku. Shati likiharibika, mwenyewe huenda hana la pili la kuvaa kazini, na fundi aliyeliharibu hana fedha za kununua kitambaa kingine. Mmoja hupoteza shati, mwingine hupoteza mteja, na majirani wawili wakaacha kusalimiana. Kwa hiyo si upuuzi wala si anasa mtu kujifunza majina ya mavazi. Neno asilolijua mnunuzi ndilo linalomtoza fedha.

KITAMBAA

Jambo la kwanza ni kujua nguo imetokana na nini. Pamba hutoka shambani, sufu hutoka kwa kondoo, kitani hutoka katika shina la mmea uitwao kwa jina hilo hilo, na hariri hutoka kwa mdudu aisokotaye. Poliesta haitoki shambani wala kwa mnyama. Hutengenezwa kiwandani kwa vitu vitokavyo katika mafuta ya petroli. Pamba hunywa jasho na kufaa siku za joto, lakini hukunjamana upesi. Poliesta haikunjamani sana na hukauka haraka, bali mwenye kuivaa juani hutokwa na jasho jingi.

Mwuzaji akisema kitambaa chake ni pamba tupu, mafundi wana njia ya kumjaribu. Huchomoa uzi mmoja pembeni na kuuwasha kwa kiberiti, mbali na kitambaa chenyewe. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Uzi wa sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Uzi wa poliesta huyeyuka, na ukishapoa huacha kidonge kigumu. Ukionekana moto na kidonge pamoja, yaelekea kitambaa kimechanganywa.

Majina mengine ya vitambaa yana historia ndani yake. Bafta ni kitambaa cheupe chepesi cha pamba, na melimeli ni chembamba zaidi. Merekani ni kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi. Kiliitwa hivyo kwa sababu kililetwa Unguja na wafanya biashara wa Marekani katika karne ya 19, hasa wale waliotoka mji wa Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani kati ya mwaka 1861 na 1865, kitambaa hicho kikaadimika, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikapata nafasi. Lakini jina la merekani halikufutika. Kaniki nayo ni nguo ya pamba iliyotiwa rangi ya buluu iliyokoza mpaka kukaribia weusi.

Kaki ni neno lililotoka katika lugha ya Kiajemi, na maana yake ni vumbi. Askari wa Kiingereza katika Bara Hindi walianza kuivaa rangi hiyo katikati ya karne ya 19, kwa kuwa nguo nyeupe zilionekana kwa mbali na kuchafuka upesi. Watu wa Kibera walifahamu kaki mapema, kwa maana kitongoji hicho kilianzishwa na askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles pamoja na jamaa zao, waliopewa mahali pa kukaa huko mwanzoni mwa karne ya 20.

KANGA, KITENGE NA KIKOI

Wageni wengi huzichanganya nguo hizi tatu, wakadhani kila chenye rangi nyingi ni kitenge. Tofauti zake ni rahisi. Kanga ina pindo pande zote nne, na eneo la katikati huitwa mji. Chini ya mji, karibu na pindo, pameandikwa maneno, ambayo huitwa jina la kanga. Mwanamke ajuaye kuchagua hatazami rangi peke yake. Husoma jina kwanza, kwa kuwa jina hilo laweza kumshukuru mama mkwe au kumchoma jirani. Hapo mwanzo majina hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kilatini. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lijulikanalo kwa alama ya "Mali ya Abdulla", husifiwa kwa kuieneza desturi hiyo.

Watu wengi wa Kenya huiita kanga leso, neno lililotoka kwa Wareno, na kwao lilikuwa na maana ya kitambaa cha mkononi. Husimuliwa kwamba wanawake wa Pwani walikuwa wakinunua leso za namna hiyo na kuziunga pamoja, wakapata vazi moja pana. Kanga huuzwa kwa doti. Doti ni kanga mbili zilizochapwa pamoja. Mnunuzi huzikata katikati na kuzipindia mwenyewe. Anayeambiwa bei ya doti akadhani ni bei ya kanga moja ataona ghali bure, na anayelipa bei ya doti akapewa moja ameibiwa.

Kitenge hakina jina wala pindo la pande nne. Hukatwa kutoka katika jora, yaani kitambaa kirefu kilichozungushwa, na mteja hupimiwa kadiri atakavyo. Namna ya kukichapa kwa nta iliigwa na Wadachi kutoka kwa watu wa Java, na kiwanda maarufu cha Helmond nchini Uholanzi kilianza kazi mwaka 1846. Kikoi hakichapwi bali hufumwa, kina mistari ya rangi pembeni, na ncha zake mara nyingi zina nyuzi zinazoning'inia, ziitwazo tamvua. Wanaume wa Pwani hujifunga kikoi kiunoni. Nao wanawake wa Kinubi wa Kibera wanalo vazi lao la jadi liitwalo gurbaba, ambalo huonekana hasa katika arusi na sherehe zao.

VIPIMO

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Yadi moja ni inchi 36, yaani sentimita 91 na kidogo. Mita moja ni sentimita 100. Tuseme fundi amemwagiza mteja alete mita 3 za kitambaa, naye mteja akaenda dukani akanunua yadi 3. Atarudi na sentimita 274, na upungufu ni sentimita 26. Tofauti hiyo yatosha kuifupisha mikono ya gauni au kumnyima mtu upindo wa suruali. Fundi asiye mwangalifu atakata tu. Na kitambaa kikishakatwa hakirudi kuwa kizima.

Tena kuna upana. Vitambaa vingine vina upana wa inchi 36, vingine 45, vingine 60. Yadi 3 za upana wa inchi 36 si sawa na yadi 3 za upana wa inchi 60, maana hicho cha pili kina eneo linalozidi mara moja na nusu ya lile la kwanza. Basi mtu asiulize, "Ninunue yadi ngapi?" Yafaa aulize, "Ninunue yadi ngapi za upana gani?"

Kuna na neno kurudi. Kitambaa cha pamba kikifuliwa mara ya kwanza huweza kurudi, yaani kupungua urefu na upana. Mtu mwenye busara hukiloweka majini na kukianika kabla ya kumpelekea fundi. Kuchuja ni jambo jingine: ni rangi kutoka na kuingia katika nguo za jirani ndani ya beseni. Kipande kidogo cha nguo nyeupe kilicholowa maji kikisuguliwa juu ya kitambaa kipya kitaonyesha mara moja kama rangi yake yachuja.

SEHEMU ZA NGUO

Ukosi ni sehemu izungukayo shingo. Vijana wengi huiita kola. Kwapa ni pale mkono unapoungana na kiwiliwili, na ndipo nguo nyingi hutatuka kwanza, kwa kuwa hapo pana jasho na mvutano. Mshono ni mahali vipande viwili vilipounganishwa. Upindo ni ukingo uliokunjwa ndani na kushonwa ili nyuzi zisifumuke. Mzazi amshoneaye mtoto sare ya shule hufanya vema kumwomba fundi aache upindo mpana. Mtoto akirefuka, upindo hufunguliwa na sare hutumika mwaka mwingine.

Marinda ni mikunjo inayoipa sketi au gauni upana. Marinda mengi hula kitambaa kingi, na mteja asiyejua hilo hushangaa akiambiwa aongeze yadi. Taraza ni ushonaji wa mapambo kwenye shingo ya kanzu. Kudarizi ni kutia maua au mapambo kwa uzi. Kupiga bandi ni kushikiza vipande kwa mshono mpana wa muda, ili nguo ijaribiwe kabla ya kushonwa kabisa. Neno hilo lastahili kukumbukwa kuliko yote. Mteja akimwomba fundi apige bandi kwanza, kisha akaijaribu nguo mwilini, kosa litaonekana wakati ambapo bado laweza kusahihishwa.

Nguo ikichakaa kuna maneno mengine. Kiraka ni kipande kinachoshonwa juu ya tundu. Kutililia ni kuziba tundu kwa nyuzi zilizopitishwa kwa ustadi, hata mtazamaji asitambue. Kugeuza ukosi ni kuufumua ukosi wa shati uliochakaa na kuushona tena, upande wa ndani ukawa wa nje. Makarani wengi wameyarefusha maisha ya mashati yao kwa njia hiyo, wala ofisini hakuna aliyejua.

MAVAZI YENYE SIFA ZAKE

Yako mavazi ambayo jina lake laweza kumzuia mtu mlangoni. Kaunda suti ni koti, aghalabu la mikono mifupi, na suruali ya kitambaa hicho hicho, huvaliwa bila tai. Imeitwa kwa jina la Kenneth Kaunda, Rais wa kwanza wa Zambia, aliyependa kuivaa. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku ndani ya Bunge, akisisitiza kwamba mwanamume avae koti, shati lenye ukosi, tai na suruali ndefu. Wengi walishangaa, kwa maana vazi hilo lilihesabiwa kuwa la heshima katika Afrika, na Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akilivaa. Jambo hilo laonyesha kwamba heshima ya nguo haimo katika uzi wake, bali katika kanuni ya mahali. Mtu aitwaye kuhojiwa kazi na aulize mapema ni vazi gani litakiwalo.

Jinzi nayo ilianza kwa njia iliyo kinyume. Jina lake latokana na mji wa Genoa, Italia. Mwaka 1873 fundi wa nguo aitwaye Jacob Davis na mfanya biashara Levi Strauss walipata hati ya haki Marekani kwa ajili ya suruali za kazi, ambazo mifuko yake ilikazwa kwa vipingili vya shaba. Sababu ilikuwa moja tu: mifuko ya vibarua ilichanika upesi. Vazi la kibarua limekuwa vazi la matajiri, lakini vile vipingili vingali pale pale.

MITUMBA

Si watu wote wapelekao kitambaa kwa fundi. Wengi wa Mashimoni hununua nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo, na soko la Toi haliko mbali nao. Mtumba kwa asili ni furushi la nguo. Siku hizi neno hilo lina maana ya nguo yenyewe iliyotumika. Nguo hizo hufika zikiwa zimekazwa katika robota, ambalo wachuuzi wa Nairobi huliita beli, na kwa kawaida lina uzito wa kilo 45. Gikomba ndiko kwenye soko kubwa la marobota hayo.

Jambo ambalo kila mwanzo wa biashara hiyo hauna budi kulifahamu ni hili: robota hununuliwa likiwa limefungwa. Mnunuzi hulipa kabla ya kuona kilichomo. Tuseme mama mmoja amekopa fedha katika chama cha akina mama wenzake, akanunua robota la mashati. Likifunguliwa likawa na mashati mema, atalipa deni na kubakiwa na faida. Likawa na yaliyochanika na kuingia madoa, deni litabaki vile vile. Ndiyo sababu wachuuzi wazoefu hununua kwa mtu wanayemjua, wala hawatii mtaji wote katika robota moja. Tena hatari nyingine haitoki ndani ya robota: Machi 2019 moto uliteketeza vibanda vingi vya soko la Toi pamoja na mali iliyokuwamo.

Robota likiisha kufunguliwa, nguo hugawanywa, na kila fungu lina jina lake. Kamera ni zile bora kupita zote, zinazochaguliwa kwanza. Bei yake iko juu. Fagia ni zile zilizobaki baada ya wote kuchagua, na jina lake lajieleza: ni kama kufagia sakafu. Bei ya fagia ni ndogo, na mtu mwenye macho mazuri na sindano huweza kupata humo nguo iliyopungukiwa kifungo tu. Lakini anayeuziwa fagia kwa bei ya kamera amekosa neno, wala si bahati.

Namba za ukubwa nazo hupoteza watu, kwa sababu nguo hizo hutoka nchi mbalimbali. Gauni la namba 12 la Uingereza hukaribiana na namba 8 la Marekani na namba 40 la nchi nyingi za Ulaya. Ni nguo ya mwili mmoja yenye namba tatu. Afadhali mnunuzi awe na utepe wa kupimia, ajue kiuno na kifua chake kwa inchi, na kuipima nguo yenyewe. Utepe haudanganyi, wala hauna nchi.

Biashara hii imekuwa na mabishano makubwa. Wengine husema mitumba imeua viwanda vya nguo vya Afrika Mashariki. Wengine husema bila mitumba maskini wangekwenda uchi na wachuuzi wangekosa chakula. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi mwaka 2019. Marekani ikapinga, na Kenya ikaacha mpango huo. Rwanda ilishikilia ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi ya kuuza mavazi yake Marekani bila ushuru. Kisha Machi 2020 Serikali ya Kenya ilizuia mitumba isiingizwe nchini kwa hofu ya maradhi ya korona, na zuio hilo likaondolewa Agosti mwaka huo huo. Katika miezi ile wengi waliona jinsi chakula cha nyumba moja ya Kibera kinavyoweza kutegemea shati lililovuliwa na mtu asiyejulikana, ng'ambo ya bahari.

LA KUKUMBUKA

Mambo haya ni mengi kwa aanzaye, lakini kanuni zake ni chache. Anunuaye kitambaa ataje urefu, upana na aina ya uzi. Ashonewaye aandike vipimo vyake na vya nguo katika kipande cha karatasi, fundi naye abaki na nakala. Nguo ijaribiwe ikiwa imepigwa bandi. Anunuaye mtumba aitazame kwapani, ukosini na katika mishono kabla ya kutaja bei, kwa kuwa huko ndiko uzee wa nguo unakojificha.

Juu ya yote, neno lisiloeleweka na liulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Fundi mwema hatamcheka aulizaye; hufurahi, kwani mteja anayejua atakacho hamletei ugomvi. Haya ya kuuliza hudumu kitambo kidogo tu, bali nguo iliyokosewa huvaliwa mwaka mzima.